Simu Iliyougua kwa Niaba ya Mama Ghazwan

Kila asubuhi, chai ikiwa bado motoni, simu ya Mama Ghazwan ilimuuliza, "Hali yako leo, mama?" Naye alijibu, "Alhamdulillahi." Simu ilionyesha alama ya kijani, maana yake mzima, ikanyamaza hadi kesho yake.

Programu hiyo ya kuuliza hali ililetwa kambini kwetu, huku Jordan, na Ruwayda, mtafiti kutoka Irbid, aliyetaka kujua kama simu zinaweza kuwafikisha wakimbizi kwa daktari mapema. Ukisema unaumwa, unapangiwa hospitali ya Amman. Jambo jema, nani atabisha? Ila waliotunga swali lile hawajawahi kunywa chai kwetu. Sisi watu wa Hauran, kusini mwa Syria, hatumshtaki Mungu mlangoni. Mgeni akikuuliza hali, unashukuru. Mnakunywa, anauliza tena, unashukuru tena. Glasi ya tatu ndiyo ya kusema panapouma. Simu haikuwa na subira ya hata glasi moja.

Basi moyo wa Mama Ghazwan ukawa unachoka, naye anashukuru. Miguu ilimvimba. Akipanda vidato viwili vya nyumba yake ya bati, lazima akae kwanza. Hata mwanawe aliyeko Ujerumani hakuambiwa. Ulipoingia mwezi wa Rajabu, simu ikaanza kukohoa.

Kilikuwa kikohozi kikavu, kikizidi ikilazwa chali. Kisha ikavimba upande wa chini, pale pa kuchomekea waya, na miguu ya Mama Ghazwan ikanywea. Mama aliiegemeza simu kwenye mito miwili, akaifunika shali, akaifukiza majani ya maramia, dawa yetu ya kifua.

"We Mama Ghazwan," jirani yake Fadda akamtania dirishani, "umezaa uzeeni?"

"Hebu niondokee! Mtoto anaumwa, na huenda ni kijicho chako hicho."

Ruwayda alipokuja aliweka sikio kwenye kioo cha simu, akasikia moyo unakwenda mbio, unasita, unakwenda tena. "Mama mdogo, hii imeanza lini?"

"Wacha tu, mwanangu. Imenibebea yangu, masikini. Naionea huruma."

Ruwayda aliwapigia wakubwa wake akawaambia kuna mama anaumwa moyo, anahitaji daktari upesi. Wakubwa wakatazama kumbukumbu zake, wakaona kijani kitupu. "Huyu mama mzima," wakasema. "Lakini simu yake ina hali mbaya. Tunaleta gari."

Gari likaja. Simu ililazwa kwenye machela, na Mama Ghazwan akaruhusiwa kupanda kwa kuwa ni ndugu wa mgonjwa. Huko Amman daktari bingwa wa moyo aliipima bila haraka, akaiandikia dawa, akaisifu kwa uvumilivu wake. Mama alisubiri kwenye benchi la nje. Ruwayda akamwomba daktari ampime na yeye, akaomba tena na tena. Daktari alikuwa mtu mpole. Alisema angependa sana, ila ndugu wa mgonjwa hapimwi asipopangiwa. Akamletea mto wa kuegemea.

Simu ilipona vizuri. Maradhi yalipokosa pa kukaa yakarudi kwa mwenyewe, na usiku Fadda akawa anamsikia jirani yake akikohoa nyuma ya bati.

"Afadhali imepona," alisema Mama Ghazwan, akiifuta simu kwa pindo la gauni lake. Alisema kweli. Alikuwa ameizoea.

Asubuhi moja Ruwayda alimkuta ameketi, simu mapajani.

"Hali yako leo, mama?" simu ikauliza.

"Alhamdulillahi."

Alama ya kijani ikatokea. Simu ikalala, pumzi zake zimetulia.

Ruwayda akavua viatu, akamimina chai, akauliza yeye sasa. Alhamdulillahi, mwanangu. Akamimina tena. Alhamdulillahi, Mungu akulinde. Nje watu walikuwa wakinadi mikate. Ruwayda alikuwa na nyumba nyingi za kupitia siku hiyo, lakini hakuinuka. Akamimina ya tatu, wakainywa taratibu hadi kwenye machicha.

"Hali, mama mdogo?"

Mama Ghazwan aliitazama simu, akapunguza sauti isije ikaamka.

"Kifua, mwanangu," akasema. "Kifua kinaniua."