Jetoni za Citoyen Kasonde

Mwaka ule serikali ilipochukua maduka ya wageni, Citoyen Kasonde, yaani Raia Kasonde kama watu walivyoitana siku hizo, alipewa duka zima la viatu, na tangu siku hiyo usingizi ukamhama. Kila mteja alimwona mwizi. Akatunga sheria: ukiingia, unamwachia mlinzi Musonda kiatu chako cha kulia, naye anakupa jetoni ya bati. Bila jetoni hutoki mlango wowote. Nani atakimbia na kiatu kimoja? Hata rafuni vilipangwa viatu vya kushoto vitupu. Vya kulia vilifungiwa stoo.

Jumamosi moja Adija wa Ruashi alimwachia Musonda ndala yake ya kulia, akaingia akichechemea, kicheko kimembana. Binti yake Asha alikuwa anaolewa alasiri ile ile, na kisigino cha kiatu chake cheupe kilikuwa kimekatika asubuhi. Bibi harusi peku mbele ya wakwe! Wangemsema mpaka kiama.

"Citoyen, hiki iko muzuri. Lete na mwenzake, mbio!"

Kasonde akaingia stoo. Musonda, kama alivyoagizwa, akatia komeo nyuma yake ili mtu asimfuate. Mara mlango ukagongwa kwa ndani.

"Musonda, fungua!"

"Onyesha jeton."

"Mupumbavu! Ni miye patron!"

"Patron mwenyewe alisema: hata ukisikia sauti yangu, bila jeton hapana kufungua."

Duka lilipasuka kwa kicheko. Wateja, kila mmoja na mguu mmoja peku, walishikana wasianguke. Adija alicheka mpaka machozi, kisha akawakumbuka wakwe na moyo ukamruka. Akapitisha jetoni yake chini ya mlango. Kasonde akairudisha njia ile ile, Musonda akaikagua, akafungua na kumkabidhi bosi wake, kwa heshima zote, ndala kuukuu ya Adija.

Kasonde akabaki mlangoni, kiatu cha harusi mkono huu, ndala mkono ule. Aibu ilimshika. Alasiri ilikuwa imekaribia, basi akampakia Adija garini mwake na kumkimbiza Ruashi.

Walifika wakwe wakishuka. Asha akavaa, vigelegele vikapaa, na Adija akaruka kwa furaha kama msichana.

"Ingia, citoyen, ukule pilau. Viatu unaacha hapa."

Mlangoni palikuwa na lundo la viatu, vya kulia na vya kushoto, vya wageni wote. Kasonde akatazama vyake, ngozi ya mamba, vipya kutoka Kinshasa.

"Nani anavichunga?"

"Kuchunga juu ya nini?"

"Na jeton?"

Wanawake walicheka hata wakakaa chini. Kasonde akaingia roho mkononi, akala jicho likiwa mlangoni, hadi ngoma ilipomnyanyua akasahau.

Alipotoka jioni, lundo lilikuwa limevurugika. Viatu vyake tu vilikuwa pembeni, vimepanguswa vumbi jekundu, vimegeuzwa pua zikielekea barabarani, kama wanavyomfanyia mgeni wa heshima. Hakujua ni mkono wa nani. Alivivaa polepole.

Jumatatu Adija alirudi kutafuta kiatu cha mdogo wa Asha. Mlangoni akainama kuvua ndala kwa mazoea.

"Vaa, mama," Musonda akamwambia. "Patron anasema uingie na yote mbili."