Gari Lililozima Bila Shahidi

Gari la Torgny lilikuwa na adabu mbele ya wageni. Jirani yake Sixten akija, linawaka mara moja na kunguruma vizuri. Torgny akiliwasha peke yake, linakohoa, linatetemeka, linazima. Tangu mvua za Aprili zioshe barabarani chumvi ya kuyeyushia barafu, na watu wa Säffle, mji mdogo wa Sweden, watoe magari yao ya zamani bandani, mchezo ulikuwa huo huo.

"Lina haya," alisema Sixten Jumamosi hiyo, akiinua boneti. "Au wewe ndiye unalichokoza."

"Nadhani ni vali ya hewa."

Vali yenyewe ni kidude kisichozidi ngumi. Injini ikiwa baridi, vali huwa wazi, ikiipa injini hewa ya ziada isizime. Ndani mna waya unaopata moto kwa umeme, na moto huo huifunga polepole kadiri injini inavyopata joto. Sixten alichomoa plagi yake, akagusisha taa ya kupimia, akamwambia Torgny azungushe ufunguo bila kuwasha injini. Taa ikawaka.

"Haya sasa. Waya huu haupaswi kupata umeme mpaka injini iwake. Nani aliuunga?"

"Mimi. Wakati wa baridi."

"Umeuunga kwenye ufunguo badala ya rilei, ile swichi ya pampu ya petroli inayopitisha umeme injini ikiwaka tu. Ufunguo ukikaa wazi, vali inapata moto na kujifunga, na injini bado barafu. Lakini hilo linataka muda, mzee. Mtu huwasha akaenda zake. Wewe hukaa humo ukifanya nini?"

Torgny alitazama viatu vyake. Angeweza kudanganya, ila mficha uchi hazai.

"Nasikiliza redio. Marehemu Maj-Lis alitaka tukae kwanza, tusikie hali ya hewa, ndipo twende. Bado nakaa." Akaonyesha nyumba kwa kidevu. "Ndani siwezi kusikiliza. Nyumba imekuwa kubwa mno."

Sixten aliinamia injini. Alikata waya, akauhamishia kwenye rilei, akaufunga vizuri kwa utepe.

"Jaribu. Anza na redio yako, usiharakishe."

Torgny akaketi. Redio ikaeleza mawingu juu ya ziwa Vänern, upepo, mvua ya jioni. Kiti cha pembeni, cha mkewe, kilikuwa kitupu kama siku zote, na kilimuuma kama siku zote. Nje, Sixten alisubiri akiwa amempa mgongo. Habari zilipokwisha, Torgny akawasha. Injini ikashika moto na kutulia.

"Limepona," alisema Sixten, akifuta mikono. "Sasa hunihitaji tena."

Torgny alihisi hofu, hofu kabisa. Huko Säffle hakuna anayebisha hodi ili kusalimia tu. Mtu huja akiwa na shida, kama kuazima ngazi. Aliyekuwa akiwaalika watu ni Maj-Lis. Yeye maneno ya "njoo tu" hakuwa nayo, na katika umri wake hakujua angejifunzia wapi.

"Taa ya nyuma," alisema. "Ya kushoto. Nayo ina wazimu kidogo."

Sixten akazunguka nyuma. Taa ilikuwa inawaka vizuri, nyekundu, haina kasoro. Akainama, akaitazama kwa muda mrefu.

"Naiona," alisema. "Hiyo si kazi ya siku moja. Nitakuja Jumamosi."