Kilo Nane za Kumwokoa Kaka

"Kama hutaki kumpa figo, si useme tu!"

Wifi yake alilitoa neno hilo mbele ya mizani ya kliniki, wagonjwa wengine wakisikia. Fundi cherehani alishuka mizanini bila kumtazama. Kaka yake, mwalimu wa hesabu, alikuwa amelazwa ghorofani, mara tatu kwa wiki akiunganishwa na mashine ya kusafisha damu. Vipimo vilionyesha figo ya dada inamfaa, lakini daktari wa upasuaji alishikilia lake: apunguze kwanza kilo nane, kwa usalama wake mwenyewe. Alimpa miezi minne. Miwili ilikuwa imekwisha, na zimetoka kilo mbili tu.

Mtaalamu wa lishe, mama wa makamo, aliwaingiza wote wawili ofisini, akafunga mlango.

"Nashinda na njaa, mama," fundi alisema.

"Nakuamini. Jana ulikula nini? Usinifiche."

Asubuhi chai ya sukari na mkate mkavu. Mchana juisi. Alasiri, mikono ikitetemeka kwenye cherehani, biskuti mbili tatu. Usiku wali kidogo, mtupu.

"Biskuti mbili, au tatu?"

Fundi akainamisha kichwa. "Pakiti."

Mama yule hakucheka. "Unakula sukari na wanga mtupu. Njaa ikirudi unaizima kwa sukari, nayo inarudi tena. Usishindane nayo, ishibishe. Mayai, maharage, samaki, mboga kwa wingi. Wali kiganja kimoja. Na matunda yatafune, usiyanywe."

Wifi aliyaandika yote nyuma ya kadi ya kliniki. Jioni hiyo alikuja na sufuria ya maharage, akaitua mezani bila hata salamu. Kesho yake akaja tena.

Wiki zilipita roho mkononi. Mwalimu alivimba miguu, akawa hamalizi sentensi. Fundi alikula akatosheka, pakiti za biskuti akazisahau, na mizani ikaanza kumtii: kilo, nusu, kilo. Kisha siku kumi haikusogea hata chembe, na usingizi ukamruka. Siku ya mwisho, jumla ilikuwa kilo saba na nusu.

Daktari aliitazama karatasi, akawatazama wifi hao wawili waliokamatana mikono.

"Nusu kilo haitatuzuia. Tunapasua Jumatatu."

Fundi alipozinduka baada ya upasuaji, ubavu ukimwaka moto, wifi alikuwa amemwinamia, machozi yakimdondoka.

"Amekojoa, wifi yangu! Figo inafanya kazi! Nisamehe yale maneno."

"Yalishapita," fundi alinong'ona. "Yeye anaendeleaje? Anaongea?"

"Anakuulizia wewe tu."