Kizibao cha Yubo

Nyaboke alikuwa na ugonjwa mmoja ambao daktari wa Kisii hangeuponya, wala wa Doha: hakuweza kushona nguo ya mtoto ikamkaa sawa. Kwao sweta ya shule hununuliwa ikimfika mtoto magotini, na akilalamika huambiwa anyamaze, atakua. Mwanawe Philip alilelewa hivyo. Na tangu mama mtu aje Qatar kufua na kupiga pasi katika hoteli moja ya Al Sadd, alimtumia nguo kwa kukisia, na kila akikisia aliongeza.

Basi Shen Yubo hakujua alikuwa anampelekea nani kizibao chake akipunguze.

Yubo alikuwa kijana wa Kichina, miaka kumi na saba, shingo nyembamba, aliyefika hotelini na kocha wake kwa mashindano ya snuka, ule mchezo wa fimbo ndefu na mipira ya rangi juu ya meza ya kijani. Kizibao cheusi cha kuchezea alikirithi kwa binamu yake, na kilimpwaya vibaya. Alishuka mwenyewe hadi chumba cha kufulia, akanong'oneza simu yake, nayo simu ikatafsiri kwa Kiswahili cha ajabu ajabu. Kesho yake akarudi na machungwa. Baadaye akawa anakuja bila sababu yoyote, anakaa juu ya kikapu cha mashuka na kumwita Mama, kama alivyosikia wenzake wakimwita. Nyaboke akampenda, tena waziwazi.

Kwa simu hiyohiyo Yubo alimweleza lililomkaa kooni. Baba yake, mwenye mkahawa wa tambi, alimruhusu kuacha shule mapema ili acheze, na sasa alikuwa amechoka kungoja. Bingwa wa mashindano haya ya ridhaa angeingia kwa wachezaji wa kulipwa. Asipokuwa Yubo, mzee alishasema, fimbo itatundikwa ukutani na kijana atarudi darasani kukaa na watoto wadogo.

"Utashinda, baba," Nyaboke alimwambia, pini zikiwa mdomoni.

Akapunguza mabegani, akapunguza mgongoni. Alipofika ubavuni mkono ukasita. Mtoto huyu anakula vizuri, alijiambia, na kizibao chenyewe ni kizuri. Akaacha nafasi kidogo ya kukua.

Siku ya fainali aliomba ruhusa. Mlangoni pa ukumbi alisimama Collins, mlinzi, Mkenya mwenzake anayelala kambi ya wafanyakazi ya Industrial Area na kujiona bingwa wa meza ya pool kule. Alimtafutia kiti cha nyuma.

"Mama Philip, ukae hapa na usipige nduru. Hii si futiboli."

"Kwani nimesema kitu?"

"Bado. Nakujua."

Yubo alicheza na Mbahraini mmoja mwenye ndevu nzuri na subira ya paka. Walikwenda sambamba hadi mchezo wa mwisho kabisa, na mezani ikabaki mipira michache tu. Yubo alikuwa mbele kidogo. Akajinyoosha juu ya meza, mguu mmoja hewani, akaupiga wa bluu, nao ukaingia shimoni kwa mlio mtamu. Watu wakashangilia. Nyaboke alishaanza kuinuka.

Lakini Yubo alikuwa ameinua mkono. Alimwonyesha refa ukingo wa kizibao chake, ubavuni, kisha mpira wa pinki.

"Nini hiyo?" Nyaboke aliuliza.

"Ati nguo imegusa mpira. Ni faulo," Collins alinong'ona. "Na hakuna mtu ameona! Hata refa! Aki huyu kijana angenyamaza tu."

Wa bluu ukarudishwa mezani, pointi sita zikaenda kwa Mbahraini, na zamu ikawa yake. Hakuwa mtu wa kupewa nafasi mara mbili. Alimaliza meza taratibu, wa bluu, wa pinki, wa mwisho mweusi. Khalas.

Nyaboke alirudi kazini hajui amepita wapi. Majuto ni mjukuu, na huyu alikuja na mizigo yake yote.

Yubo alipokuja kuaga, alimkuta ameshika makasi, macho mekundu.

"Kilete hapa nikirekebishe. Ni mimi nimekuharibia. Mimi na ujinga wangu."

Simu ikatafsiri. Kijana akatikisa kichwa, akasema maneno mengi, simu ikayatoa polepole: "Baba alitazama mtandaoni. Aliuliza, hakuna aliyeona, kwa nini ulisema? Nikajibu, mimi niliona. Baba akasema, nenda ucheze mwaka mmoja tena."

Nyaboke alilia upya, safari hii kwa furaha, lakini makasi hakuyaachia. Yubo akakikumbatia kizibao.

"Acha hivi, Mama," simu ikasema. "Mwakani nitakuwa nimekua."

Alipoondoka, Nyaboke aliketi juu ya kikapu cha mashuka, akampigia Philip simu ya video. Alimwambia avae ile sweta mpya iliyofika juzi, ile aliyoikisia kubwa kupita kiasi, asimame mlangoni amwone vizuri.

Philip akasimama. Kichwa kilikaribia kugusa fremu ya mlango, na mikono ya sweta ilimwishia juu ya vifundo vya mikono.