Mfuniko wa Nimpaye

Ildefonsa alipoambiwa kwamba watu wa ng'ambo wameunyoosha mfuniko wa kikapu cha mama yake, aliacha kumenya muhogo, akaweka kisu chini na kuuliza kwa sauti ndogo ambayo watoto wake wote wanne waliijua na kuiogopa:

"Nani kawatuma?"

Nice, binti yake wa mwisho, alikuwa ndiyo kwanza ashuke kwenye pikipiki kutoka Ngara mjini, vumbi la njia ya Murusagamba limempaka mpaka kope. Kazi yake ni kuzichora nyumba za watu kwenye kompyuta kabla hazijajengwa, mteja aone sebule yake pande zote angali hana hata tofali. Katika kazi hiyo ndipo alipoigundua habari hii.

"Hakuna aliyewatuma, mama. Wanasema ulikuwa na kasoro."

"Kasoro anayo aliyewazaa!"

Hasira hiyo ina mizizi. Nimpaye, mama yake Ildefonsa, alikisuka kikapu kile kwao Burundi. Walipokimbia mwaka wa tisini na tatu aliacha mbuzi, akaacha kitanda, akabeba kikapu kikiwa na maharage ya mbegu. Njiani alianguka nacho, mdomo wa kikapu ukabonyea upande mmoja na mfuniko ukapotea. Walipofika kambi ya wakimbizi huku Ngara akasuka mfuniko mwingine kwa nyuzi alizofumua kwenye magunia ya msaada, akaushusha upande mmoja ili ukae sawasawa pale palipobonyea. Kwa macho ulikuwa umeinama. Ukiufunga, hata sisimizi hapiti. Wanawake wenzake walimcheka, "Nimpaye, mfuniko wako umelewa!" Naye akawajibu kwamba umelewa, lakini nyumbani unafika. Mbegu zile ndizo zilizopandwa Murusagamba baadaye, Ildefonsa alipoolewa huku, na mpaka leo zinaliwa.

Miaka tisa iliyopita alikuja mtafiti mmoja, kijana mwenye adabu zote za mtu anayetaka kuazima. Alikuwa na mashine inayopitisha mwanga juu ya kitu na kukipiga picha pande zote, juu na chini, nje na ndani. Akaomba kikapu kwa wiki moja tu, akakipime vizuri kwao. Nimpaye alikuwa ameshazikwa. Ildefonsa akatoa, kwa kuwa mgeni ni mgeni. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja, mwenyeji akaugua. Baada ya miezi mitano ikaja barua ya mistari mitatu: kikapu kimepotea safarini kikirudishwa, tunasikitika. Afadhali angeibiwa na jirani, angalau angejua mlango wa kwenda kusimama na kutukana.

Kikapu kilipotea, ila ile picha yake haikupotea. Watu wa kazi kama ya Nice duniani kote wana vitu vyao vya majaribio: kuna birika la chai, kuna sungura, kuna joka. Mtu akitengeneza programu mpya ya kuchorea, huanza kwa kuvichora vitu hivyo, aone kama mwanga na kivuli vinakaa panapostahili. Kikapu cha Nimpaye kikaingizwa katika kundi hilo. Bila jina la mtu, rangi ya kijivu, wazi kwa kila anayetaka kukichukua.

Sasa watunzaji wake walikuwa wametoa toleo jipya, mfuniko umenyooka kama kofia ya polisi. Walidai kule kuinama ni kosa la mashine. Toleo la zamani lingefutwa mwisho wa mwezi.

"Niliwaandikia kwamba bibi aliusuka hivyo makusudi," Nice alisema. "Wamejibu nilete ushahidi. Nilete kikapu chenyewe."

Ildefonsa alicheka, na kicheko chake kilikuwa kibaya kuliko matusi. "Wakipoteze wao, nikilete mimi! Wapigie. Sasa hivi."

Mtandao unashika vizuri nyuma ya zizi la ng'ombe, kwa hiyo ndipo kompyuta ilipowekwa, juu ya kigoda. Mmoja wa wale watunzaji, mzee mwenye miwani, akatokea kwenye kioo, akasema "Jambo, mama," kwa furaha. Ildefonsa hakuitikia. Jambo si salamu ya kumpa mtu uliyempotezea mali.

"Nionyeshe walichokifanya," alimwambia Nice.

Nice akakifungua kile kikapu kilichonyooshwa. Ildefonsa akainama mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Alikuwa amekaa na kikapu kile zaidi ya miaka ishirini na vidole vyake vilikuwa bado vinakikumbuka.

"Kigeuze. Zaidi. Hapo, simama." Akagonga kioo kwa ukucha. "Mfuniko wameunyoosha, mdomo wameuacha umebonyea. Unaona pengo hilo? Panya ataingia na wanawe! Mwambie atie maharage kisha akilaze, chake na cha mama yangu. Atie maharage!"

Nice akatafsiri, bila yale matusi. Jaribio la namna hiyo kwenye kompyuta si jambo kubwa. Nice mwenyewe akatengeneza punje, akavijaza vikapu vyote viwili, akavilaza ubavu, mzee akitazama. Kile kilichonyooka kikaanza kumwaga pale pale, punje moja, mbili, kisha mfululizo. Kile kilichoinama hakikutoa hata moja.

Yule mzee alivua miwani, akaivaa tena. Akasema kwa miaka yote hiyo hakuna aliyefikiria kutia kitu ndani.

"Kikapu!" Ildefonsa alifoka, ng'ombe akageuza kichwa. "Hawakufikiria kutia kitu ndani ya kikapu!"

Mzee akaomba radhi. Toleo la zamani litabaki, lile jipya litaondolewa, na jina la Nimpaye litaandikwa. Akauliza kama kuna jambo lingine wanaloweza kufanya, kwa shukrani.

"Mwambie huku kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Jirani akikuletea maharage, unarudisha kikapu na ndizi, hata mbili. Wao hata kitupu hawakurudisha. Mwambie hivyo hivyo, usimpunguzie."

Safari hii Nice hakupunguza. Mzee aliinamisha kichwa, kisha simu ikakatwa.

Ildefonsa akabaki anakitazama kikapu kwenye kioo, kimefungwa, kimeinama kilivyoinama siku zote.

"Hicho watakachokiweka, ndani kina nini?"

"Hakina kitu, mama. Ni kitupu."

Ildefonsa alikwenda ndani, akarudi na kiganja cha maharage ya mbegu, yale mekundu yenye madoa, akayamwaga juu ya kigoda.

"Yachore haya. Ukijaze, ukifunge, uwapelekee. Mama yangu hakulelewa kama wao."

Kisha akarudi kwenye muhogo wake. Nice alichora mpaka jioni, punje moja moja, na madoa yake. Siku hizi mtu yeyote, awe nchi gani, akiufunua mfuniko ule kwenye kompyuta yake anakuta maharage.