Mpaka kwenye Vifundo

Jumamosi, jua likiwa bado halijavuka paa la banda la kuku, Kunegunda alitoa kigoda chake cha miguu mitatu, akakiweka mahali alipokwisha kufagia, kati ya mparachichi na ukuta wa jiko. Akavua kandambili, akazipanga ubavuni, ya kulia kulia na ya kushoto kushoto. Akaweka ungo wa maharage mapajani. Yalikuwa maharage ya njano ya shambani kwake, njia ya Namtumbo, na safari hii yalikuwa na mawe mengi kwa sababu yalipurwa kwenye uwanja wa changarawe. Akakanyaga udongo kwa nyayo zote mbili, akavuta pumzi, na udongo ukamchukua taratibu mpaka kwenye vifundo vya miguu, kama ulivyofanya kila asubuhi tangu mwezi wa tatu.

Haukumuumiza. Juu ulikuwa na ubaridi, lakini ukishavuka unyayo ulikuwa na uvuguvugu wa majivu ya jana. Ulimshika kwa muda wa ungo mmoja, kisha ukamwachia. Mashimo aliyafukia kwa ufagio.

Mambo haya alifundishwa na Sabra, mwalimu wa sekondari aliyepanga chumba cha uani, mtu wa Tanga. Sabra aliacha kuswali miaka sita nyuma, bila kugombana na mtu. Kunegunda aliacha kwenda kanisani mwaka juzi. Wote wawili walisumbuliwa na jambo moja, kwamba mwili haukupewa taarifa. Saa kumi na moja na nusu macho yalifunguka yenyewe, magoti yakatafuta sakafu, mikono ikatafuta pa kwenda.

"Mwili ni kama ng'ombe wa maziwa, mama," Sabra alimwambia. "Ukiikosa saa yake analia. Usimkaripie, mpe kazi nyingine."

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Miguu chini. Pumzi ndefu, moja kwa kila harage. Halafu kutaja vitu vitano vilivyo mbele ya macho, kwa majina yake, bila kuviomba chochote. Kunegunda alitaja birika, jogoo, kamba ya nguo, moshi wa kwa jirani, na parachichi moja la juu kabisa lililokataa kuanguka. Alipomaliza alijikuta ametulia kama maji ya mtungini. Wiki ya pili ndipo udongo ulipoanza kumshika. Sabra ulimshika mpaka kwenye kucha tu.

"Huku siyo kwetu," Sabra alisema, akizitazama kucha zake. "Unanishika kiugeni."

Kabla ya hapo, Kunegunda alikuwa katibu wa jumuiya ya mtaa wao, hapo Mfaranyaki, kwa miaka kumi na tisa. Kila Jumamosi alfajiri familia kumi na nane zilikutana kusali kwenye nyumba ya mmojawapo, naye aliita majina. Aliyekuwepo alipata alama ya vema, asiyekuwepo alipata sifuri. Mwandiko wake ulisifiwa mpaka parokiani. Binti yake Oliva aliuza vitumbua stendi, na walaji wa vitumbua ni watu wa alfajiri. Kunegunda alimwandikia sifuri, kwa kuwa katibu hasemi uongo, na akirudi nyumbani alikula vitumbua vilivyobaki.

Oliva alipofariki kwa homa, kamati ilifungua daftari ikahesabu sifuri kumi na saba. Ikasema kwa upole kabisa, wanaume wakiwa wamevua kofia, kwamba utaratibu ni utaratibu na jumuiya haitazika. Katekista hatakuja, wimbo hautaimbwa, wala hakuna nafasi kwenye makaburi ya parokia alikolala baba yake, Leonce. Akachukuliwa kwa pikapu ya kukodi, akazikwa pembeni mwa shamba la maharage. Wiki iliyofuata Kunegunda alirudisha daftari. Hakumkasirikia mtu. Alijaribu kusali miezi michache, lakini maneno yalitoka mdomoni yakaanguka palepale mbele ya magoti, kama maganda ya karanga, naye akachoka kuyafagia.

Mwezi wa sita, ungo ukiwa nusu, mguu mwingine uligusa wa kwake huko chini. Ulikuwa mguu mwembamba wa mtu mzima, kidole cha mwisho kimepanda juu ya mwenzake. Kidole hicho Kunegunda alikijua, maana alikikata kucha mpaka mwenyewe alipojifunza kushika wembe. Hakuvuta mguu. Alimaliza maharage.

"Oliva amekuja," alimwambia Sabra wakati wa chai.

"Amekubana au amekugusa tu?"

"Amenigusa tu."

"Basi hana neno." Sabra akamsogezea sukari. "Ila kutoka shamba mpaka hapa ni mbali."

"Amezoea. Stendi alikuwa anakwenda kwa miguu, na beseni kichwani."

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, Hilda alisimama kwenye wigo, kwapani amebana daftari. Hilda alikuwa mwenyekiti wa jumuiya. Yeye na Kunegunda walipokea komunyo ya kwanza siku moja, na ndiye aliyekuwa mama wa ubatizo wa Oliva.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Karibu, Mama Sixbert. Kuna kigoda hapo mlangoni."

Hilda alisubiri jibu alilolizoea. Halikuja. Akachukua kigoda, akaketi, akatazama miguu ya mwenzake.

"Leo umezama sana."

"Vifundo tu. Kawaida."

"Na kipupwe hiki. Utapata baridi yabisi, mimi nije nisikie kwa watu." Akalaza daftari mapajani. "Kamati imekaa. Nafasi ya ubavuni kwa mzee Leonce bado ipo, lakini wanaoitaka ni wengi. Urudi kabla ya Siku ya Marehemu. Ukaungame, ukae na wenzako. Hata daftari utapewa. Siku hizi anaandika Thadei, hujui kama ameandika au kuku amepita."

Kunegunda aliitaka nafasi ile. Maua yake alipanda mwenyewe, na kwa miaka tisa aliitazama kama mtu anavyotazama upande wake wa kitanda. Akatoa jiwe kwenye maharage, akaliweka kwenye kisahani.

"Na Oliva?"

"Mama Oliva, yule ana sifuri kumi na saba. Mwandiko ni wako."

"Ni wangu."

"Sasa atakuzika nani? Nakuuliza kama mwenzako."

"Nimeshaanza kuzikwa, Hilda. Kidogo kidogo. Asubuhi mpaka kwenye vifundo, halafu nanyanyuka nakwenda kupika."

Hilda alicheka, ingawa hakuja kucheka.

"Vua viatu," Kunegunda alisema.

"Nina jumuiya mimi."

"Vua. Na soksi."

Udongo ulimchukua Hilda haraka, ukavuka vifundo, kwa kuwa alikuwa mtu mzito na amechoka. Kunegunda alimsogezea upande wa ungo. Wakachagua maharage. Baada ya muda mkono wa Hilda ulisimama juu ya ungo, kisha ukaendelea.

"Miguu ya baridi huyu mtoto."

"Toka utotoni."

"Siku ya ubatizo nilimvisha soksi za sufu. Akazirusha zote mbili."

Ungo ulipokwisha, udongo uliwaachia. Hilda alijifuta kwa pindo la khanga, akavaa soksi, akavaa viatu.

"Kamati niiambie nini?"

"Iambie nimeshukuru. Na kwamba nipo na Oliva."

"Nitasema umekataa. Hilo ndilo linaloandikika."

Alifika jumuiya watu wakitoka. Akamwomba Thadei kalamu, akatafuta jina lake mwenyewe na kuliandikia sifuri, kwa kuwa mwenyekiti hasemi uongo. Ilikuwa ya kwanza. Mwezi wa kumi ulipokwisha alikuwa nazo tano, na kwa Kunegunda kulikuwa na kigoda chake.

Mwezi wa kumi na moja nafasi ya ubavuni kwa Leonce akapewa marehemu Isidori, fundi baiskeli, aliyekuwa na alama za vema mstari mzima. Kunegunda alikwenda msibani na kilo mbili za maharage yasiyo na jiwe hata moja. Sifuri za Oliva zilibaki daftarini kama zilivyo. Ziliandikwa kwa wino.

Jumamosi iliyofuata, upande wa kushoto, ulikuja mguu wa mtu wa tatu, mpana, wenye kovu la jembe kisiginoni. Kunegunda aliujua kabla haujatulia.

"Na Leonce amehamia huku," alisema.

"Tutatosha?" Sabra aliuliza kutoka jikoni.

"Tutabanana."

Akasogeza mguu wake kidogo kuwapisha. Akatupa jiwe kwenye kisahani, akavuta pumzi, akataja birika, jogoo, kamba ya nguo, moshi wa kwa jirani. Parachichi lilikuwa limeanguka. Akataja mahali lilipokuwa.