Kadi ya Evas

Shule yangu ya bweni hapa Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, niliianza na wasichana kumi na mmoja, kwenye ghala la kahawa ambalo panya walilipenda kuliko sisi. Leo wako mia nne. Watu husema ni kwa sababu tunafaulu mitihani. Uongo mtupu! Ni kwa sababu ya kadi.

Mwaka wa pili alikuja mwanamume mwenye viatu vya kung'aa, akasema yeye ni mjomba wa Geneviève, mtoto wa Butembo, ng'ambo ya mpaka. Nikamwachia amchukue. Mjomba gani! Tulimtafuta yule mtoto hadi Kasindi, na mpaka leo hatujamwona. Tangu hapo kila msichana ana kadi yenye picha ya mzazi wake, na hatoki getini ila na mwenye picha hiyo. Nililitangaza sharti hilo redioni, kanisani, hata mazishini. Nilijivuna, sikatai.

Alhamisi iliyopita akaja Yosamu wa Bugoye, baba yake Evas wa kidato cha tatu. Picha kwenye kadi ilikuwa yake.

"Nyanya yake iko mugonjwa, Madamu. Nimekuja kuchukua mutoto."

Evas alikwisha kuniambia tangu Jumapili, alipopata habari za nyumbani: nyanya ni mzima, analima. Nyuma ya jiko lao wamefungwa mbuzi kumi na wawili wa mahari. Mtoto ana miaka kumi na sita.

"Mzee, mwache amalize muhula," nikasihi.

"Picha ni ya nani?" akauliza kwa upole kabisa. "Wewe mwenyewe ulisema kwa redio."

Nikampigia simu askari mmoja ninayemfahamu.

"Huyo mzee ni baba yake kweli?"

"Ni baba yake, afande."

"Na hiyo ndoa imefanyika?"

"Bado."

"Sasa kosa iko wapi, Madamu? Ikifanyika, utupigie."

Wazazi watatu walisimama getini wakinitazama. Nikimficha huyu, kesho nani ataniamini na wake? Hayo ndiyo niliyoyawaza, na naona haya kuyasema. Mtego wa panya hunasa waliomo na wasiokuwemo, na huu niliutega mwenyewe. Nikatia sahihi ya kumruhusu.

Evas hakulia. Alikunja godoro lake, akalifunga kwa kamba, kisha akaniuliza, "Madamu, vitabu niache ao niende nayo?"

Nikamwambia aende navyo.

Jumatatu wakaja akina baba wawili kutoka Bugoye, kila mmoja na bintiye na sanduku jipya la bati. Yosamu aliwaambia kwamba kwa Madamu Bulandina mtoto wa mtu hafichwi. Nikawaandikisha wote wawili. Mdogo wao nilimpa kitanda cha Evas, kwa kuwa vingine vilikuwa vimejaa.